Mwaka Nilipompikia Marehemu wa Kikorea

Tarehe kumi na tisa mwezi wa kwanza mwaka huu nilimpoteza Onni. Bintiye, Sora, alinipigia simu asubuhi kabla sijafungua duka, akazungumza Kiingereza cha polepole ili nisikose neno: mama yake amefariki usingizini, kule kule Guangzhou, China, na yeye jina langu amelikuta katika kitabu chake cha namba za simu. Nilimpa pole, simu ikakatika, nikakaa juu ya robota la blauzi ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Jirani yangu wa duka la pili akachungulia. “Bi Maimuna, kuna nini?” Nikamwambia nimefiwa. “Na nani?” Kwetu Mombasa mtu hufiwa na mzazi, na mume, na ndugu, na shoga yake wa tangu utotoni. Onni hakuwa hata mmoja kati ya hao. Hatukuwa jamaa wala dini moja, na lugha tuliyozungumza haikuwa yake wala yangu. Jina lenyewe la Onni si jina. Ni neno ambalo mwanamke wa Kikorea humwitia dada aliyemzidi umri, awe wa tumbo moja au wa kupata ukubwani. Nilikaa nyumbani kwake mwaka mmoja tu, na ni miaka kumi na minne sasa. Watu hawaweki matanga kwa mtu kama huyo, na mimi sikuweka. Nimeona niuandike mwaka ule kama ninavyoukumbuka. Nisichokiona sitakisema.

Nilikwenda Guangzhou kwa siku ishirini, ninunue blauzi za kike nirudi. Nilifikia hoteli ya rahisi pale Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, chumba kisicho na dirisha, na siku ya tano kifua kilianza kubana. Aliyenitoa ni Clarisse, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuwa chumba cha mkabala na changu. Tulikutana kwenye ngazi kila asubuhi, yeye na mabegi yake matupu, mimi na kikohozi changu. “Ma sœur, weye utaisha nguvu mu hii hôtel,” aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. “Kuko mama moja wa Corée, iko na chambre. Iko propre kabisa. Mais viatu unaachaka inje, sawa ku musikiti. Weye ni musulmane, utazoea mbio.” Nikacheka, tukaenda kukiona hicho chumba kisafi. Nyumba ilikuwa ghorofa ya saba, nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Mlangoni palikuwa na kijirafu cha viatu, na viatu vyote vimeelekezwa nje, kama kwamba wenyewe wako tayari kuondoka. Mwanamke aliyefungua alikuwa mfupi, nywele amezikata hadi masikioni, amevaa aproni ya plastiki. Hakuniuliza jina. Alinyoosha vidole, akauliza kwa Kichina cha sokoni: miaka mingapi? Nikamwonyesha thelathini na minane. Akajipiga kifuani, akaonyesha arobaini na tisa. Kisha akasema, “Mimi Onni. Wewe mdogo.” Clarisse alikasirika kwa niaba yangu. “Eh! Miaka ya mutu inamuangalia nini?” Mimi sikukasirika. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba bila kujua umri hawajui wakusemeshe vipi, kwa sababu maneno ya kumwambia mkubwa ni mengine na ya kumwambia mdogo ni mengine, na anayekosea huonekana hana adabu. Si tofauti sana na sisi. Sisi twatazama mvi tukatoa shikamoo. Wao wanauliza kwanza ili wasije wakampunja mtu heshima.

Chumba changu kilikuwa na godoro la kukunja, si kitanda. Asubuhi unalikunja unaliweka kabatini, sakafu inabaki wazi, na maisha yote yanafanyika pale chini. Tulikula chini, kwenye meza fupi ya miguu ya kukunjwa. Onni alichambua mboga chini, alipiga pasi chini, alilia chini. Nilistarehe mara moja, kwa kuwa nimekulia juu ya mkeka. Chakula ndicho kilichonisumbua mwanzoni. Jioni ya kwanza aliweka wali, supu, na visahani vidogo saba: kabichi ya pilipili iliyochachushwa, ambayo huitwa kimchi na haikosekani hata kwenye chai ya asubuhi, figili, mchicha, dagaa wa kukaanga na sukari, mayai, na viwili nisivyovijua. Katikati akaweka sufuria inayochemka. Nikanusa nyama. Nikauliza nyama gani, akakoroma kama nguruwe ili nielewe vizuri. Nikatikisa kichwa, nikasogea nyuma. Akakunja uso. Alidhani nimemkataa yeye, kwa maana kwao sufuria ya katikati ni ya wote, kila mtu anachota kwa kijiko chake mwenyewe, na anayekataa sufuria amekataa waliokaa nayo. Ilibidi Clarisse apigiwe simu, aeleze kwa Kichina chake, ambacho kilikuwa kizuri kuliko changu: si yeye, ni dini. Onni alisikiliza, akasema “aaah” ndefu. Kesho yake alirudi na sufuria mpya na kikaango kipya, akafunga uzi wa kijani kwenye mikono ya vyote viwili. “Hivi vya Maimuna,” alisema. Kwa mwaka mzima sikuona nyama yoyote ikiingia humo. Niliwahi kumtega siku moja, nasema kweli, nilirudi mapema nichungulie. Alikuwa anakaanga tambi zake na nyama katika sufuria kuukuu, na sufuria yangu imening'inia ukutani, kavu.

Siku ishirini zilipokwisha sikurudi. Onni alikuwa na kibanda katika mojawapo ya majumba makubwa ya nguo ya Guangyuan Xilu, akiuza blauzi za mtindo wa kwao, na wateja wake wengi walikuwa Waafrika ambao hakuweza kuongea nao zaidi ya kuwapa kikokotoo. Mimi nilijua Kiswahili, Kiingereza cha duka, na baada ya miezi miwili nilijua kusema tai gui, yaani ghali mno, na mei you, yaani hakuna, kwa sauti iliyowafanya Wachina wacheke. Akaniweka mbele, yeye akakaa nyuma na mkasi. Hapo nikaanza kumtazama vizuri. Alipompa mteja kitu, alikishika kwa mikono miwili, hata kama ni risiti. Alipokutana na Mkorea mwenzake kwenye korido, swali la kwanza lilikuwa umekula? Si habari, si u hali gani. Na aliyesema hajala alishikwa mkono akaletwa nyuma ya kibanda, akapewa wali uliofungwa kwa jani jeusi la baharini. Wanawake wa Kikamba na wa Kipwani waliokuja kununua walimpenda kwa hilo. “Huyu mama ana roho,” aliniambia mmoja kutoka Nairobi, huku mdomo umejaa, “lakini bei yake haina roho kabisa.”

Jambo moja lilinichekesha kabla halijanihuzunisha. Onni alizungumza na bintiye kila siku, amelala chali juu ya sakafu, simu sikioni, miguu ukutani. Sora alikuwa muuguzi kwao Korea, na mazungumzo yao yalikuwa ya kugombana kwa raha. Lakini kulikuwa na simu nyingine, ya mara moja kwa mwezi. Ikilia hiyo, Onni alisimama wima, akafuta mikono, akavuta aproni yake sawa, kisha akawa anajibu kwa sauti nyembamba huku anainama. Aliiinamia simu! Aliinama tena na tena mbele ya friji, kama kwamba mtu yumo ndani yake. Nilimuuliza ni nani. Akatafuta neno la Kichina, akakosa, akaleta vijiti vya kulia. Alilaza kijiti kirefu: huyu mkubwa. Akalaza kifupi pembeni: huyu mume wangu. Akakigeuza kile kifupi juu chini, maana yake amekufa. Mumewe alikuwa fundi wa viatu, aliletwa na kiwanda katika jimbo hilo la Guangdong, na alifia Guangzhou kwa moyo miaka mitatu kabla sijafika. Mpigaji simu alikuwa kaka wa mumewe, shemeji mkubwa, aliyeishi kwao Korea, katika mji mdogo karibu na Busan.

Shida yao niliielewa taratibu, jioni baada ya jioni, kwa vijiti na vijiko. Kwao marehemu hulishwa. Kila mwaka, siku aliyofia, huandaliwa meza, huitwa, na huaminika kuwa amekuja kula. Sisi tunamsomea marehemu hitima na wali tunakula sisi wenyewe. Wao wanamwekea yeye kwanza. Anayesimamia meza ni mtoto wa kiume. Onni hakuwa na mtoto wa kiume, ana Sora tu. Kwa hiyo shemeji alikuwa akisema meza ile iende kwake, kwenye nyumba kubwa ya ukoo, mwanawe awe ndiye anayemlisha ami yake. Onni alikuwa amekataa miaka miwili mfululizo kwa maneno ya heshima. Nilimuuliza ni kwa nini hataki, kwani kazi ya kupika ile meza, kwa alivyonieleza, ilikuwa ya siku tatu. Akasema, “Kule, mume wangu atakula. Mimi nitakuwa wapi?” Usiku wa simu hizo alitoa chupa ya pombe yao nyeupe na kikombe kidogo, akanisogezea chupa nimmiminie. Nilimwambia siwezi kunywa wala kumimina. Akaichukua akajimiminia mwenyewe. Sikujua wakati ule kwamba kwao mtu hajimiminii. Hata maadui wakikaa meza moja humiminiana. Ningejua, bado nisingemimina. Lakini ningetoka nje nisimtazame.

Basi mwezi wa tatu simu ikalia, Onni akainama mbele ya friji mara nyingi kuliko kawaida, na alipomaliza akakaa chini na simu ingali mkononi. Shemeji anakuja. Atakuwepo siku ya meza, aone kwa macho yake namna ndugu yake anavyolishwa ugenini, na akiridhika hatasema tena. Hivyo ndivyo Onni alivyonieleza. Ilikuwa katika majira yale mabaya ya Guangzhou ambapo hewa ya kusini inarudi, kuta zinatoa jasho, nguo hazikauki na mkate unaota ukungu kwa siku moja. Yeye alikuwa na samaki wa kukausha. Samaki huyo, mkubwa, wa rangi ya dhahabu, lazima awe mzima kuanzia kichwa hadi mkia, atiwe chumvi na akaushwe siku tatu ndipo afae. Kule nje asingekauka, angeoza. Onni alimtundika chumbani kwake, akamwashia feni mchana na usiku, na akaamka kila baada ya saa kadhaa kumgeuza. Nilimsikia kupitia ukuta. Ilikuwa kama kusikia mtu na mtoto mgonjwa.

Siku yenyewe alianza kupika alfajiri. Mboga za rangi tatu, nyeupe, kahawia na kijani. Vipande vya samaki na vya maboga vilivyovikwa yai. Pea, tende za kwao na matunda mengine, kila moja limekatwa kidogo juu. Mimi nilipewa kumenya na kupanga, nikauliza maswali mengi mpaka akasema nina mdomo kama cherehani. Kwa nini hakuna pichi? Hapana. Kwa nini nyekundu upande huu? Ndivyo. Nusu ya vitu nadhani hata yeye hakujua sababu, alijua utaratibu. Saa sita akavua aproni, kwa kuwa lazima aende uwanja wa ndege kumpokea shemeji. Alibaki samaki tu, ambaye hupikwa mwisho. “Wewe mtu wa bahari,” aliniambia. “Mvuke. Halafu mafuta kidogo. Asivunjike. Chumvi ipo.” Akaonyesha kitunguu saumu, akatikisa kichwa, akaonyesha pilipili, akatikisa kichwa. Akaondoka.

Nataka kueleza hapa nilivyofikiri, si kwa kujitetea, bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Onni alikuwa amenisimulia mara nyingi kuhusu mumewe. Alikula pilipili mbichi kama watu wanavyokula matango, akizichovya kwenye rojo jekundu, jasho likimtoka, akisema chakula kisichowasha ni chakula cha hospitali. Nyumba nzima ya Onni ilinuka kitunguu saumu mwaka mzima. Sasa siku moja katika mwaka anaandaliwa yeye mwenyewe, halafu apewe samaki mweupe wa mgonjwa? Nikajiambia Onni anamwogopa shemeji, mzee, labda tumbo lake halistahimili. Kwetu mtu akipikiwa hitima hutazamwa alikuwa akipenda nini, na watu hula wakisema, wallahi marehemu angefurahi. Na samaki atokaye jikoni kwa mwanamke wa Mombasa bila kitunguu saumu na pilipili, huyo ni samaki wa aibu. Nikatwanga. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili nyekundu, ndimu. Nikampaka ndani na nje, nikampika mvuke, nikamkaanga juu juu. Alitoka mzima, mkia umesimama. Nilijivuna. Nilifungua dirisha ili harufu imfikie Onni kwenye ngazi.

Ilimfikia. Nilisikia hatua zake zikisimama ghorofa ya sita. Waliingia, shemeji mbele, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, aliyestaafu kazi ya posta. Alivua viatu akavielekeza nje mwenyewe kabla Onni hajainama kumsaidia. Onni alikuja moja kwa moja jikoni. Alimtazama samaki. Hakunikaripia. Alifungua bomba, akamchukua samaki kwa mikono miwili, akaanza kumwosha. Nilisimama pale nikimtazama anavyomwosha samaki aliyepikwa, polepole, akifuta pilipili kwa kidole gumba, na maji mekundu yakiingia kwenye sinki. Mkia ukakatika. Kisha nyama ya ubavu ikaachana na mfupa. Akafunga bomba. Aliniambia kwa sauti ya chini, kwa Kichina, maneno machache: “Wekundu na harufu hii, waliokufa wanakimbia.” Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimemfukuza mgeni niliyempikia.

Hapakuwa na samaki mwingine, na wa siku tatu hapatikani kwa saa mbili. Alimpanga kwenye sahani, kipande kwa kipande, mkia ukiwa umeegeshwa mahali pake, akampeleka mezani. Meza ilikuwa imepangwa mbele ya picha ya mumewe yenye fremu nyeusi. Shemeji alipita akikagua, akasogeza pea nusu inchi, akaguna kwa kuridhika na mboga. Akafika kwa samaki. Akainama, akanusa. Aliuliza swali fupi. Onni akajigusa kifuani. Sikujua Kikorea, lakini mtu hahitaji kujua Kikorea kuelewa mwanamke anayesema ni mimi. Nilikuwa mlangoni. Ningenyamaza ingekwisha hivyo. Nikasema kwa Kichina, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, “Si yeye. Mimi nilipika. Alinikataza.” Mzee akageuka, akataka Onni amtafsirie. Akauliza, na Onni akanitafsiria: kwa nini? Nikasema, “Mwambie nilisikia ndugu yake alipenda pilipili.” Onni hakutafsiri. Nikarudia. Akatafsiri, akitazama sakafu. Shemeji aliitazama picha, kisha akaichukua sahani ya samaki kwa mikono miwili, akaipeleka jikoni, akarudi. Mahali pa samaki pakabaki wazi.

Saa moja jioni walianza. Walifungua mlango wa nje kidogo, marehemu apite. Shemeji aliwasha ubani, akamimina pombe, akakizungusha kikombe juu ya moshi, akapiga magoti akainama hadi paji la uso likagusa sakafu, mara mbili. Onni akainama nyuma yake. Mimi sikuinama. Sijui kama walitarajia. Dini yangu hainiruhusu, nilisimama karibu na rafu ya viatu nimekunja mikono. Kijiko kilisimamishwa katikati ya bakuli la wali, maana yake anakula sasa, na sisi sote tukageuka, tukatazama ukuta, kwa sababu si adabu kumtazama mtu akila. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Tulikaa hivyo, watu watatu, kimya, na nyuma yetu chakula. Sikuamini kwamba kuna mtu. Lakini sikugeuka.

Baadaye, meza ilipoachiwa walio hai, shemeji alikwenda jikoni mwenyewe akarudi na yule samaki. Akamla. Alimla hadi kwenye mifupa, akaomba wali zaidi, akasema kitu kilichomfanya Onni afunike mdomo. Alinitafsiria: utotoni marehemu aliiba pilipili kwenye shamba la jirani, akapigwa, akala zote akiwa bado analia. Walicheka wote wawili. Nami nikacheka, nikadhani tumepona.

Asubuhi, kwenye chai, shemeji aliweka kijiko chini akazungumza kwa upole, kwa muda mrefu. Onni alisikiliza amepiga magoti. Mzee alipomaliza alitoa kwenye begi lake kitambaa cha bluu, kipya, akaifunga picha yenye fremu nyeusi, fundo moja juu, vizuri kama zawadi. Onni alimsindikiza, yeye na picha yake kwapani, hadi chini kwenye teksi. Aliporudi nilikuwa bado nimesimama palepale. Nikamwuliza ni kwa sababu yangu? Akasema hapana. Akasema shemeji ameona kwamba yeye Onni amechoka, anapika peke yake, hana mtoto wa kiume, na ameamua kumpunguzia mzigo. Mke wa nyumba kubwa atapika. “Alikuja na kitambaa,” aliniambia. “Aliamua kabla ya ndege.” Nimelifikiria neno hilo miaka kumi na minne. Huenda ni kweli. Huenda pia mtu akabeba kitambaa na kurudi nacho kitupu, ikiwa meza imemridhisha. Onni alikuwa mtu wa kumwonea mwenzake huruma kiasi cha kusema hivyo. Sikumuuliza tena, na sasa siwezi kumuuliza.

Mwezi mzima hakupika. Tulikula tambi za dukani. Ukutani palibaki msumari na mraba mweupe pale ilipokuwa picha, na hakuung'oa. Kibandani aliuza kama kawaida, akakata nyuzi, akawapa watu wali uliofungwa kwa jani la baharini, ila aliununua, hakuufunga mwenyewe. Clarisse alikuja akamletea ndizi za kukaanga, akakaa naye sakafuni. “Onni, weye unakonda. Ule muzee alikamata photo, hakukamata mikono yako,” alimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kichina. Onni alikula ndizi mbili. Simu ya shemeji ilipolia tena aliiinamia kama zamani.

Mwezi wa nane viza niliyoiongeza ilikuwa inaisha na nilikuwa nafunga mizigo. Jumapili moja aliniambia nimpeleke kwa wakala wa tiketi. Nilimpeleka Xiaobei, kwa kijana wa Nairobi aliyenikatia tiketi yangu, ofisi ya meza mbili na kalenda nyingi. Onni alivaa koti lake zuri ingawa joto lilikuwa kali. Mwezi wa tisa au wa kumi wao wana sikukuu kubwa ya mwezi mpevu, ambapo wafu wote wa ukoo hulishwa pamoja kwenye nyumba kubwa. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga nyumba ile.

“Karibuni, mamangu,” alisema wakala. “Huyu mathe anaenda wapi?”

“Busan. Siku tatu kabla ya sikukuu yao.”

“Anaenda kutembea ama biashara?”

Nikamuuliza Onni. Alijibu bila kufikiri: “Mwambie nakwenda kupika.”

“Kupika!” Wakala akacheka. “Hoteli ama kwa watu?”

“Kwa shemeji yake.”

“Wamemwita?”

Sikutafsiri hilo, lakini Onni aliniangalia akataka kujua, ikabidi. Akasema, “Hawajaniita. Nitafika mapema, kabla hawajawasha jiko.” Kisha akaniambia nimuulize kama anaruhusiwa kubeba kisu chake cha jikoni, kwa kuwa visu vya watu hajavizoea.

“Mathe! Mkononi hapana, watamshika,” alisema wakala. “Aweke kwa sanduku, chini kabisa. Sasa, kwenda tu, ama kwenda na kurudi?”

Nilitafsiri. Onni alitazama kalenda iliyokuwa nyuma ya kijana, akahesabu kwa vidole siku za sikukuu, akaongeza moja ya kuosha vyombo.

“Kwenda na kurudi,” alisema.

Kijana akachapa. Onni akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akasoma tarehe zote mbili kwa sauti, ya kwenda na ya kurudi, akaikunja, akaitia kwenye pochi.